Mtandamboo Uitwe wa Nani

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi ile ya babu yako aliyekunywa chai, nasema ile ambayo fisi alikuwa bado anabisha hodi, palikuwa na kijiji kiitwacho Ndunduni. Kilikuwa chini ya milima ya Upare, upande ule mkavu ambao mvua huupita ikiangalia pembeni. Shule mimi niliiachia darasa la nne, lakini kijiji hiki nakijua kuliko wenye vyeti, kwa sababu hakimo kwenye ramani zao.

Watu wa Ndunduni walikuwa na desturi moja. Mche wa aina mpya hautoki kijijini bila jina la mtu. Anayekuja kuuomba huuliza neno moja tu, "Wa nani?" Na Mfumwa, ndivyo wanavyomwita mtawala wao, hujibu kwa jina la mtu mmoja. Mmoja, si wawili, kwa maana walisema mti wenye majina mawili huzaa kwa zamu, na zamu ya mvivu ikifika mnalala na njaa. Jina likishatamkwa halirudi mdomoni. Mti unalibeba popote uendako.

Kwa mfano, palikuwa na boga la Naitivao. Naitivao mwenyewe alikufa kabla babu wa babu yangu hajaota meno. Lakini kila boga lile lilipopasuliwa, mpasuaji alisema kwanza, "Tunakula kwa Naitivao," ndipo kisu kikaingia. Niambie mfalme gani anatajwa jikoni kila jioni namna hiyo.

Sasa, pale Ndunduni palikuwa na mwanamke aitwaye Nanzighe. Alizaliwa mwaka wa nzige, akaolewa, akafiwa na mume, na tumbo lake halikuwahi kubeba mtoto. Kule kwao jina la mtu hupewa mjukuu. Asiye na mjukuu, jina huzikwa naye, na baada ya miaka miwili watu hupita juu ya kaburi lake wakitafuta mbuzi. Nanzighe alilijua hilo na hakulalamika. Ila kila mtoto alipopewa jina katika boma la jirani, alikwenda akapiga vigelegele kuwashinda wote, kisha akarudi nyumbani akafagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa.

Kiangazi kimoja alikwenda na wenzake nyikani kuchota magadi. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Wakati wa kurudi mwiba ukamchoma unyayoni, wenzake wakatangulia, chakula kikamwishia. Akakaa juu ya jiwe akautoa mwiba, na alipoinua macho akaona kundi la nyani kwenye kichaka cha mtandamboo.

Mtandamboo mnaujua. Kichaka cha miiba, maua meupe yanayonukia kuliko bibi harusi, na matunda madogo yanayoanza kijani, yakawa mekundu, yakaishia meusi. Ukikata jani au tunda bichi linatoka utomvu mweupe kama maziwa. Pale nyikani vichaka vilikuwa labda mia, na nyani waliviruka vyote wakajazana kwenye kimoja tu. Nanzighe akajiuliza kile kimoja kina nini. Akawafukuza kwa mawe, akaonja matunda ya vichaka vingine. Yalikuwa machungu, yakamkunja uso. Akaonja ya kile kimoja. Mimi sikuwepo, lakini nasikia alifumba macho, akakaa hivyo mpaka nyani wakarudi kumwangalia.

Alichuma mpaka mikono ikawa michoro ya damu. Kikapu kilikuwa kimejaa magadi, basi akamwaga nusu yake mchangani, magadi aliyoyafuata siku tatu, ili matunda yapate nafasi. Akatembea anachechemea mpaka nyumbani.

Ndunduni walipoona utomvu uliogandia kwenye vikonyo, hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa na msemo wao: "Maziwa bila ndama ni kifo." Maana yake, mmea unaotoa maziwa si wa kula. Nanzighe akawaambia yeye amekula na yuko hai. Wakamjibu kwa upole kwamba alikula peke yake nyikani, na njaa humwonyesha mtu mambo.

Hakubishana nao. Alisema ataupanda, wataona wenyewe. Akachukua nusu ya matunda, akayakamua, akatoa mbegu, akazitunza kama mbegu zinavyotunzwa pale. Na hapa sikilizeni vizuri. Mbegu ya Ndunduni, iwe ya mahindi, ya maharage au ya boga, hupanda darini kwanza. Hutandazwa kwenye kichanja juu ya mafiga, ikala moshi mwezi mzima, ikakauka mpaka ikilia ukiitikisa. Ndivyo bibi alivyofanya, na bibi wa bibi. Nanzighe akazipandisha zake kwa heshima zote. Nusu nyingine ya matunda akaiacha kikapuni mlangoni, akaenda kuteka maji.

Pale pale kijijini alikuwepo mwanamume aitwaye Kadeghe. Maana yake ni kindege, na jina lilimkaa sawasawa, kwani hakulima, alidonoa. Ukianika mihogo, alidonoa. Ukivumbika ndizi ziive, alikuja kuzijulia hali. Adhuhuri ile alipita mlangoni kwa Nanzighe, akaona kikapu, akasikia harufu. Msemo wa maziwa na ndama aliujua, lakini tumbo lake halikuwahi kusikiliza misemo.

Alikimbia nacho nyuma ya jiko la jirani mmoja, Mavura, mahali maji ya vyombo yanapomwagwa na ardhi haikauki. Akachuchumaa kivulini. Akala, akatema mbegu, pu. Akala, akatema, pu. Kivuli cha ukuta kilivyosogea, naye akasogea. Akala, akatema, pu. Mpaka kikapu kinakwisha alikuwa amezunguka jiko zima la watu, nyuma yake mstari wa mbegu uliolowa mate.

Hakuhitajika mpelelezi. Tunda lile huacha rangi, na Kadeghe alitokea uwanjani mdomo mweusi kama sufuria. Watu hawakumpiga. Walimhurumia. Walimkalisha katikati wakamngoja afe. Mkewe alianza kulia mapema asije akapitwa. Mtu mmoja akauliza jembe la marehemu atarithi nani, akakumbushwa kwamba jembe lenyewe ni la kuazima. Jua likateremka kidogo. Kadeghe akasema anasikia kitu tumboni. Wakasogea wote. Akasema ni njaa.

Basi kesi ikageuka ya wizi. Alitozwa kuku mmoja akampa Nanzighe, na kijiji kikambandika jina la Mdomo Mweusi. Wanawe nao wakaitwa wana wa Mdomo Mweusi, hata yule mdogo aliyekuwa hajajua kutembea.

Vuli ilipofika Nanzighe alishusha mbegu zake darini, akatengeneza tuta zuri kuliko matuta yote, akapanda. Akangoja siku kumi. Akangoja mwezi. Akafukua moja kwa kidole, akakuta ganda tupu. Maana mbegu ya mtandamboo si ya mahindi, enyi watu. Hiyo hutaka kupandwa mbichi, na utelezi wake mwilini. Ukiikausha umeiua, na moshi wa mwezi mzima ulikuwa umeziua zote. Nanzighe alilipalilia tuta lile lisilo na kitu msimu wote, watu wakimwangalia, mpaka mvua ilipokatika.

Sasa tuzunguke nyuma ya jiko. Mke wa Mavura, jina lake Nambua, alikwenda kumwaga maji ya vyombo akaona vichipukizi vyenye vijani viwili viwili vimejipanga kando ya ukuta, kumi na tisa kwa hesabu. Mavura akasema ni magugu, ang'oe. Nambua akasema magugu hayapangi mstari. Mama mkwe akakata jani, akaona utomvu, akasema maziwa bila ndama ni kifo. Nambua akaitikia, "Ndiyo, mama," kwa adabu kabisa, na alipopewa kisogo akaizungushia miche ile miiba mikavu mbuzi wasifike.

Nambua huyu alikuwa mtu wa kimya, na mimi wanawake wa kimya nawaogopa. Kiangazi kilipokuja korongo likakauka. Akawa anafukua mchanga chini kabisa, anangoja maji yajikusanye, anachota kwa kifuu. Maji hayakutosha vyote viwili, miche na maboga yake. Akaangalia huku, akaangalia kule, maboga akayaacha yafe. Kiangazi cha pili vilevile. Miche ikapanda kifuani, akaikata vichwa. Mama mkwe akacheka kwamba amelea mtoto ili amkate kichwa. Lakini iliyokatwa kichwa ikatoa matawi ya ubavuni, yakashikana, yakawa ua ambao hata kuku hakupenya. Masika ya tatu ua lote likachanua meupe.

Nanzighe alipita njia, akasimama. Aliijua harufu. Akamwuliza Nambua nani alipanda pale. Nambua akasema hajui. Hapo ndipo Kadeghe, aliyekuwa anapita karibu na jiko kwa sababu zake, akahesabu kwa vidole, akaangalia ukuta, akasema nadhani ni mimi.

Na mwaka uliofuata mvua haikuja. Si kidogo, haikuja kabisa. Mtama ulichungulia ukajuta. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Lakini mtandamboo mizizi yake iko chini, unanyonya maji huko tusikoyaona, na ua la Nambua likazaa matunda meusi mpaka matawi yakainama. Watu wakaliangalia ua. Wakamwangalia Kadeghe, amenona vile vile. Msemo wa maziwa na ndama ukafa siku hiyo bila matanga.

Nambua alikamua matunda, akachanganya maji yake na kiganja cha unga wa mtama, akapika uji mzito wenye rangi ya zambarau. Watoto wakanywa, wakaacha kulia. Yaliyobaki akayaanika, akayatwanga. Kila boma likaja na kibuyu. Hakumfukuza mtu, wala mama mkwe, aliyekunywa vibuyu viwili na kusema chumvi imepungua. Vijiji vya jirani vilizika watu. Ndunduni hawakumzika hata mmoja mwaka ule, na hili silitilii chumvi, ingawa mengine nimeyatilia.

Mvua iliporudi wakaja wageni saba kutoka mlimani, kuomba miche. Safari hii kila mtu alikuwa amejifunza, kwa mstari ule wa Kadeghe, kuzipanda mbegu mbichi, na Nambua alikuwa na miche tele nyuma ya jiko. Ilikuwa asubuhi. Wakaing'oa kwa upole, wakaifunga mizizi kwa maganda mabichi ya mgomba. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye jembe begani, akaubeba mche wa kwanza kama mtoto mchanga, akamgeukia Mfumwa Sekivunga, akauliza kama inavyoulizwa:

"Wa nani?"

Mfumwa akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, watu watatu walikuwa wamesimama.

Nanzighe alianza, kwa kuwa ni mkubwa.

"Mfumwa, vichaka vilikuwa mia. Kila mwaka mnapita pale na magadi yenu, baba zenu walipita, hakuna aliyesimama. Mimi nilisimama. Nilimwaga magadi yangu, nikavibeba vitu ambavyo mlivikataa. Kama nisingevileta, Kadeghe angeiba nini? Nambua angemwagia maji nini? Kila mama hapa ana mtu wa kumwita kwa jina lake baadaye. Mimi sina, na wote mnajua. Sileti hilo kuomba huruma. Naomba haki ya miguu yangu."

Wengi walikuwa wameshaamua. Hapo Kadeghe akajikohoza.

"Mfumwa, mimi ni mwizi. Nilitozwa kuku, kuku akaliwa, kesi nayo ikaliwa. Hiyo tuiache. Naulizia kazi nyingine niliyofanya siku ile. Nani alikula mbele yenu mkamngoja afe, asife? Mmekula mwaka wa njaa kwa kuutazama mdomo wangu. Na nani alipanda? Shangazi Nanzighe namheshimu, lakini zake alizipandisha darini akaziua kwa moshi. Za kwangu zililala chini zikiwa mbichi, na mate yangu ndiyo mvua yake ya kwanza. Wanangu wanaitwa wana wa Mdomo Mweusi kwa ajili ya tunda hili. Aibu yake mmenipa mimi na nyumba yangu nzima. Sasa sifa imekuja, mnataka kuigawa kwa wengine?"

Nasikia hata wasiompenda walitikisa kichwa, na mtu akasema, mwizi huyu ana hoja, mbaya wetu.

Nambua alisimama mwisho. Mavura alimvuta kanga akae. Hakukaa.

"Mimi porini sikwenda, na kikapu cha mtu sikugusa. Aliyeleta, alileta siku moja. Aliyetema, alitema adhuhuri moja. Mimi nilimwagia maji kila siku, kiangazi baada ya kiangazi, kitu nisichokijua jina, na nikacheka pamoja na walionicheka. Niliua maboga yangu kwa mikono yangu, maboga ya Naitivao, nikijua natukana jina la mtu. Mkisema mti ni wa aliyeuona, semeni pia mtoto ni wa aliyemwona barabarani. Uji mlikunywa kwa nani?"

Basi kijiji kikapasuka mapande matatu. Vijana walisema Nambua. Wazee walisema Nanzighe. Na watu wenye madoa yao wenyewe, ambao si wachache popote pale, walisema Kadeghe kwa sauti ya chini.

Mfumwa Sekivunga alikuwa mtu wa ugoro. Akavuta pua ya kulia, akavuta ya kushoto, akaona amepata akili. Akasema kila mmoja wa hao watatu ataje jina, lakini si lake. Kama asingekuwa yeye, angestahili nani? Alidhani ametega mtego mzuri: wawili watakutana kwenye mtu mmoja, naye atarudi kunywa pombe yake.

Nanzighe alimtazama Nambua kwa muda. Akasema, "Ni Nambua. Mimi niliupenda mti huu, na upendo wangu ukauweka juu ya moto. Huyu hakuupenda, alikuwa haujui. Aliutunza tu. Mimi nisingeweza kutunza kitu nisichokijua."

Mfumwa akachangamka. Moja.

Nambua akasema, "Ni Kadeghe. Ningekuwa na mti mzuri kuliko yote, na mama mkwe wangu angekufa njaa chini yake kwa ajili ya msemo. Shangazi alikula nyikani, hakuna aliyemwamini kwa kuwa ni mwanamke peke yake. Huyu alikula mbele za watu. Alikula kwa ulafi, sawa, lakini ulafi wake ndio uliovunja hofu yetu."

Mfumwa akaacha kuchangamka. Akamgeukia Kadeghe, jicho lote likimwomba amwonee huruma.

Kadeghe akajikuna kichwa. "Mfumwa, mimi nimeingia katika vikapu vyenu vyote. Msikasirike, mnajua. Vikapu vya kijiji hiki nimevichungulia kimoja kimoja miaka ishirini, na ndani yake kitu ni kile kile: muhogo, ndizi, muhogo. Kikapu kimoja tu katika maisha yangu nilikuta kitu ambacho sijawahi kukiona. Kilikuwa cha Nanzighe. Mti ni wake."

Ikawa mduara. Mmoja kwa mmoja kwa mmoja, na hakuna aliyepata wawili. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na majani ya mche wa kwanza yalianza kulegea mkononi mwa yule mama wa mlimani. Wenzake sita walikuwa wamejitwisha mizigo yao. Hawawezi kuondoka bila jina, na mche hauwezi kungoja. Mche una subira ya asubuhi moja.

Wale watatu walikuwa wamesimama bega kwa bega. Nambua alikuwa ameangalia mizizi, anaogopa inakauka. Kadeghe alikuwa ameangalia wanawe, waliosimama kwa vidole kando ya ua kumwona baba yao. Nanzighe hakuangalia kitu. Alikuwa amefumba macho, kama mtu anayengoja kuitwa.

Nimeisimulia hadithi hii kwenye kupukuchua mahindi, watu wakaacha mahindi wakashikana mashati. Nimeisimulia msibani, wafiwa wakasahau. Nilimsimulia karani mmoja wa mahakama, mtu aliyesoma, akaomba apewe wiki mbili, na mpaka leo akiniona anavuka barabara. Mimi jibu langu ninalo, na ni zuri sana, lakini sikuulizwa mimi.

Umeulizwa wewe. Mfumwa ugoro umemwishia, anakutazama. Mama wa mlimani ameuinua mche, majani yamelegea, anauliza mara ya mwisho, na jina utakalolitaja ndilo litakalosemwa kabla ya kila uji, katika kila boma, watu wote hawa wakiwa wameshakuwa udongo. Jina moja tu. Je, mti huu ni wa nani?